Pesa ya Korosho, Subaru ya Turbo

Wadau, kila nikitaja mbele ya washikaji wa Dar kwamba kwetu ni Masasi, naulizwa swali lile lile: "Hivi ni kweli wakulima wa korosho wananunua Subaru?" Halafu kicheko. Kisha zinafuata zile hadithi za vijiweni za mkulima aliyemnunulia mbuzi wake soda baada ya kulipwa. Mimi huwa nacheka nao, maana hadithi ni tamu. Ila leo nataka kulijibu swali lenyewe kwa utulivu, kwa sababu historia yake ni ndefu kuliko kicheko chake.

Jibu fupi: ndiyo, wapo wanaonunua. Na mtu akinunua gari la mbio lililotumika, hanunui bodi na injini peke yake. Ananunua pia maisha yote ambayo gari hilo limeishi mikononi mwa watu wengine. Muuzaji anayajua maisha hayo, au angalau anajua pa kuyatafuta. Mnunuzi hayajui. Kusini kwetu tumelipia tofauti hiyo zaidi ya mara moja, na wa kwanza kuilipia hakuwa mkulima wa korosho.

Tuanze na Waingereza.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali ya Waziri Mkuu Attlee ikaanzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo, na Nachingwea, majirani zetu kabisa. Shabaha ilikuwa ekari zaidi ya milioni 3. Tatizo likawa matrekta. Mapya hayakupatikana, kwa hiyo wakanunua mitumba ya jeshi kutoka kwenye maghala ya vita, mengine hadi Ufilipino. Wakachukua na vifaru vya Sherman, wakaviondoa mizinga, kampuni ya Vickers ikavigeuza kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Usicheke. Ni kweli kabisa.

Mashine nyingi zilikufa mapema. Nyingine zilifika zikiwa zimeshachoka, spea hakuna, mafundi hawatoshi, udongo mgumu, visiki vya mibuyu. Mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Kwetu ukaacha bandari ya Mtwara iliyofunguliwa 1954, na reli iliyofika Nachingwea na baadaye Masasi. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962 kwa kukosa mzigo, na vyuma vikang'olewa.

Sasa jiulize. Dola lililokuwa na wahandisi, wanasheria na benki lilinunua mashine kuukuu bila kujua zilivyoishi, likaumia. Kijana wa Newala mwenye pesa ya msimu mmoja mfukoni ana kinga gani?

Twende mbele kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, gari binafsi likawa kitu cha kujieleza. Fedha za kigeni zilikuwa haba, magari yaliingizwa kwa vibali, na wenye Benz walikuwa na jina lao, Wabenzi, ambalo halikuwa sifa. Kuna kipindi ambapo hata mwenye gari lake hakuruhusiwa kuliendesha Jumapili mchana, ili taifa libane mafuta. Nyumbani Masasi na Newala, chombo cha heshima kilikuwa baiskeli. Na kule juu Newala, kwenye uwanda usio na mito, baiskeli ilibeba madumu ya maji kabla ya kubeba mchumba.

Korosho yenyewe ilipanda na kushuka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000. Ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa mbali na mikorosho yao. Bei zikawa mbaya, ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua, na kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Kwa hiyo hata kama duka la magari lingekuwepo pale Mkuti, nani angeingia?

Wakati sisi tunahesabu madumu, Wajapani walikuwa wanajitangaza mlangoni kwetu. Mashindano ya Safari Rally yalianza 1953, na kwa miaka mingi njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Datsun 240Z ikashinda, na 1973 ikashinda tena ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mtu aliyezaliwa Uganda. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya akashinda na Mitsubishi Lancer. Vumbi lile, mashimo yale, matope yale! Watu wa Afrika Mashariki hawakuhitaji tangazo la gazeti kuwaambia kwamba gari la Kijapani ni gumu. Baadaye Subaru Impreza ikashinda Safari ya 1997 mikononi mwa Colin McRae, na ya 2000 mikononi mwa Richard Burns. Kizazi changu kilikua na picha ile ya gari la bluu lenye ringi za dhahabu. Mpaka leo ukikuta Impreza ya bluu Masasi, ujue kuna mtu anakumbuka.

Sheria za mashindano zilimtaka mtengenezaji auze mtaani magari ya jamii ile ile. Ndiyo maana mwaka 1992 zikazaliwa Lancer Evolution na Impreza WRX: gari la milango minne, unaweza kumpakia mama mkwe nyuma, lakini chini ya boneti kuna turbo na nguvu inaenda magurudumu yote manne. WRX ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 240 kutoka injini ya sisi 1994 tu. Ongezeko halikuendelea milele, kwani tangu 1989 watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Na ile namba 1994 iweke akilini. Ushuru wetu wa bidhaa kwa magari hupanda injini ikizidi sisi 2000. Kwa hiyo gari la mbio likawa linapita bandarini kwenye kundi moja na magari ya familia.

Kwa nini Mjapani analitoa gari zima? Kwao gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi pamoja na kodi zake ni ghali. Kadiri gari linavyozeeka, kulibakiza kunauma kuliko kuliuza. Linakwenda mnadani. Na mnada wa Kijapani ndio kiini cha makala hii, kwa hiyo nisikilize vizuri. Gari likifika mnadani, mkaguzi ambaye hana kamisheni kwenye mauzo analizunguka, anaandika karatasi. Kila mkwaruzo unachorwa. Kilomita zinaandikwa, na kama zina shaka inaandikwa kwamba zina shaka. Mwisho linapewa daraja: 5, 4, 3.5, na kadhalika, na herufi R kwa gari lililopata ajali likatengenezwa. Wanunuzi wanaona karatasi hiyo kabla ya kutaja bei.

Huku kwetu mlango ulianza kufunguka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana. Mwaka 1985 akaja Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na mitumba ikawa maisha: nguo, viatu, friji, magari. Kwanza yalikuja mengi kupitia Dubai, kisha moja kwa moja kutoka Japani, ambako wanaendesha kushoto kama sisi na usukani uko kulia. Yadi zikaota Dar es Salaam. Ila kusini kulibaki mbali. Gari la chini kama Impreza ungelifikishaje Masasi wakati Rufiji inavukwa kwa pantoni na masika inakata njia? Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, likiwa na urefu wa karibu kilomita moja, na jina la mtoto wa Lupaso, Masasi. Kipande kibovu cha Ndundu hadi Somanga kikachukua miaka mingine kupata lami. Lami ilipokamilika, gari la mbio likapata njia ya kwenda nyumbani.

Pesa nayo ikapata njia. Mwaka 2007 Mtwara ilianza mfumo wa stakabadhi ghalani. Kabla yake, na kwa wizi hata baada yake, kulikuwa na kangomba. Kwa wasiojua: mlanguzi anakuja kijijini wakati wa njaa, anapima korosho kwa bakuli lake, anataja bei yake, anaondoka. Wewe hujui uzito, hujui daraja, hujui bei ya soko. Stakabadhi ghalani ilikuja na jambo moja la msingi. Korosho inapelekwa ghalani kupitia chama cha msingi, inapimwa kwa mizani, inapangwa daraja, inaandikiwa karatasi, halafu inauzwa kwa mnada wa wazi. Siku hizi mnada unaendeshwa hadi kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa, TMX. Mfumo una kasoro zake na makato yake, wakulima wenyewe watakueleza. Lakini msimu wa 2017/18, nchi ilipovuna zaidi ya tani 300,000, minada ya kwetu ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Sijawahi kuuona uwanda wa Makonde ukitabasamu vile.

Hapo ndipo anaingia binamu yangu.

Mjomba, baba yake, alivuna zaidi ya tani 4. Mpango wa familia ulikuwa Toyota Noah ya kubeba abiria kati ya Masasi na Ndanda. Binamu akapanda basi kuja Dar na pesa ya gari, akanipigia nimsindikize. Tulipofika yadi, Noah ilikuwepo. Lakini pembeni yake ilikuwepo Impreza WRX ya 2003, namba C, ya bluu. Nikaona macho ya binamu yanahama, nikajua Noah imeshakwisha.

"Bosi, hii haijaguswa," muuzaji akasema. "Sikiliza mlio wenyewe."

Nikaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Ilishawashwa kabla hatujafika. Nikauliza kama ipo karatasi ya mnada ya Japani.

"Kaka, hayo makaratasi watu hawaulizi. Gari hii ilishasajiliwa hapa, ina kadi yake safi."

Nikaomba tumwite fundi wa nje. Akasema fundi wao ameshaikagua. Binamu akanivuta pembeni: "Wewe mwandishi una maswali mengi. Hapa sio kwenye mahojiano." Shilingi milioni 14 zikahesabiwa mezani. Siku ya pili akashika njia: Kibiti, Daraja la Mkapa, Nangurukuru, Mingoyo, Ndanda. Alipigwa tochi mara mbili kwenye vijiji vya spidi 50. Mjomba alilizunguka gari, akachungulia ndani, akauliza swali moja tu.

"Abiria watakaa wapi?"

Mwezi wa nne, akipanda mlima kuelekea Newala, injini ikaanza kugonga. Fundi wa Masasi akaifungua: beringi za konrodi zimekula, mafuta ya injini yamejaa unga wa chuma. Akatuonyesha na alama za spana za zamani. Ilishafunguliwa huko nyuma. Binamu akapiga simu yadi. "Bosi, si uliondoka nayo ikiwa nzima?" Simu ya pili haikupokelewa.

Fundi yule alitupa somo ambalo ningependa kila mpenda turbo alisikie. Injini za namna hii nyingi zilipimwa kwa petroli ya Kijapani ya daraja la juu, yenye oktani kama 100. Ya pampu zetu iko chini ya hapo. Turbo inabana hewa, joto linapanda, mafuta ya oktani ndogo yanawaka kabla ya wakati wake, na kila mlipuko wa mapema ni nyundo juu ya pistoni na beringi. Ongeza oili iliyocheleweshwa kubadilishwa, ongeza mwenye gari wa kwanza aliyekuwa akishindana na watu usiku, na wa pili aliyeiongezea presha. Hayo yote hayaonekani kwenye rangi ya bluu. Yako ndani ya historia ya gari, na historia hiyo hatukuuziwa.

Wangetengeneza, ila ukaja msimu wa 2018. Mnamo Oktoba wakulima walikataa bei za mnadani. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaingia kusomba. Bei ilikuwa nzuri masikioni. Malipo ndiyo yalichelewa kwa wengi, hasa waliokuwa na zaidi ya kilo 1,500, ambao walitakiwa kuhakikiwa mashamba yao ili kuwanasa wa kangomba. Mjomba alikuwa na zaidi ya kilo 1,500. Kwa hiyo injini ya Subaru ilikaa kwenye turubai, hela za sulphur ya kupulizia mikorosho zikakopwa, na ada ya mdogo wake binamu ikalipwa kwa kuuza mbuzi. (Wale mbuzi wa soda, eti.) Mwishowe gari likauzwa kwa ajili ya spea, kwa bei ambayo mjomba hataki itajwe mbele ya wageni.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Mwaka 2001 akapata Nobel kwa kazi ya aina hiyo. Hoja yake ni nyepesi. Kama muuzaji anajua ubora na mnunuzi hajui, mnunuzi atakubali kulipa bei ya katikati tu. Mwenye gari zuri ataona anapunjwa, ataliondoa sokoni. Yatabaki mabovu. Soko la namna hiyo linajioza lenyewe, isipokuwa kitu fulani kiingie katikati na kuusema ukweli: mkaguzi, karatasi, dhamana.

Sheria nayo haikulala kabisa. Sheria yetu ya Mauziano ya Bidhaa, ambayo asili yake ni sheria ya Kiingereza ya 1893, inamtofautisha mfanyabiashara wa magari na jirani anayekuuzia gari lake. Anayefanya biashara ya bidhaa hiyo anatakiwa kukuuzia kitu chenye ubora wa kuuzika. Lakini ina mlango: kasoro ambayo ungeiona kama ungekagua vizuri, ukakagua na usiione, ni yako. Na kumfuata mtu mahakamani Dar ukitokea Newala, kwa nauli na siku za shamba, hiyo ni sheria ya wenye nafasi.

Kwa hiyo anayekwenda yadi na pesa ya msimu afanye nini? Fika bila miadi, na boneti iwe baridi. Injini mbovu hupenda kusema ukweli ikiwashwa asubuhi. Andika namba ya chesisi, na kabla ya kutaja bei dai karatasi ya mnada yenye namba hiyo hiyo. Nenda na fundi ambaye analipwa na wewe. Tenga pesa ya spea kabla ya kununua, maana gari la mbio la milioni 14 bado hula spea kama gari la mbio. Muuzaji akikataa fundi wako, mshukuru na uondoke. Ameshakujibu.

Sitawaambia vijana wa Masasi wasinunue Subaru. Mtu amevuna, ana haki ya kupenda mlio. Ninachowakumbusha wazee na vijana wa kwetu ni kwamba tulipigania mizani. Tulikataa mtu aje na bakuli lake, atupimie korosho yetu na kutaja bei peke yake. Halafu tunachukua pesa ile ile iliyotoka kwenye mizani, tunaipeleka yadi, na kumwachia muuzaji apime, ataje daraja na aseme bei. Hilo nalo ni kangomba, wadau. Tofauti ni kwamba safari hii bakuli lina turbo.